Miche ya makadamia: tumeuziwa lebo, siyo aina

Wakuu, naingia moja kwa moja kwa sababu nimevumilia vya kutosha. Kuna watu wanazunguka vijijini huku Kilimanjaro na pickup zilizojaa miche ya makadamia, ule mti wa karanga zenye ganda gumu. Kila mche umefungwa kilebo cha plastiki kilichoandikwa MRG-20 au KRG-15, majina ya aina zilizochaguliwa Kenya, na maneno ni yaleyale: "Hii ni ya kubebesha, imetoka Kenya, miaka mitatu tu unavuna." Mimi na majirani zangu tulinunua kwa mtu wa aina hiyo mwaka 2016, shilingi elfu nane kila mche. Miti imekua, imetoa maua, imezaa. Sasa nasema bila kumung'unya maneno: tumeibiwa.

Ushahidi ninao shambani na yeyote anaweza kuja kuuona. Mti uliobebeshwa ni kipande cha mti mama: kitawi chake kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, ndilo tunaloita shina la chini. Miche hamsini ya MRG-20 ni mti mmoja uliogawanywa mara hamsini, kwa hiyo maua yanatakiwa kufanana, majani kufanana, na ganda kufanana. Kwangu mstari mmoja, lebo moja, una miti yenye maua meupe ya krimu na miti yenye maua ya pinki. Mingine ina majani matatu kwenye kila kifundo. Mingine ina manne, marefu, yenye miiba pembeni kote, yamebana kwenye tawi karibu bila kikonyo. Ukipasua ganda la kijani, huku unakuta karanga laini kama gololi, kule unakuta yenye vipele. Haiwezekani vyote hivyo vikawa MRG-20. HAIWEZEKANI.

Kwa wasiojua, makadamia inayoliwa ina jamii mbili kubwa, zote asili yake ni mashariki ya Australia, Queensland na New South Wales. Yenye majani matatu, maua meupe na ganda laini ni integrifolia. Yenye majani manne, maua ya pinki na ganda la vipele ni tetraphylla. Halafu kuna machotara ya hizo mbili, yanakaa katikati. (Msipime kwa mche mdogo wa kwenye kiriba, majani ya utotoni yanadanganya, hata integrifolia changa huwa na miiba. Angalieni matawi yaliyokomaa.)

Kenya ilipata makadamia mwaka 1946 pale Thika, na kwa miaka mingi wakulima walipanda mbegu tu, ndiyo maana miti ya zamani kule ni mchanganyiko mtupu. Watafiti wa Thika walipita kwenye mashamba ya wakulima wakichagua miti iliyozaa vizuri kuliko mingine, wakaipa majina kwa mahali ilipopatikana: MRG ni Murang'a, KRG ni Kirinyaga, EMB ni Embu, KMB ni Kiambu. Yaani MRG-20 ni mti fulani, uliochaguliwa katikati ya maelfu kwa sababu ya mavuno na kiini chake. Thamani yote ya jina iko hapo. Anayechukua mbegu yoyote iliyookotwa chini ya mti wowote, akaiotesha na kuifunga lebo ya MRG-20, ameniuzia uongo.

Na tofauti siyo ya urembo wa maua. Makadamia hauzi ganda, unauza kiini. Mti mzuri uliochaguliwa, kilo mia za karanga zilizokauka zinakupa kiini theluthi moja au zaidi. Hii ya mbegu ya kuokota ina ganda nene kama jiwe na kiini kidogo ndani, na mara nyingi hata robo haifiki. Halafu kuna mafuta. Kipimo cha kiini kizuri kinajulikana dunia nzima: kikaushe, kitumbukize kwenye maji. Kinachoelea kina mafuta kuanzia asilimia 72, hicho ndicho daraja la kwanza. Kinachozama ni kichanga au ni dhaifu. Nimefanya hivyo mti kwa mti. Ile mitatu minne ambayo naamini ni halisi, karibu viini vyote vinaelea. Ile ya maua ya pinki, ndoo inajaa vya kuzama. Na tetraphylla ina sukari nyingi zaidi, kwa hiyo ukiikaanga inapiga rangi ya kahawia kabla haijaiva sawasawa, ndiyo maana viwanda haviitaki ichanganywe na nyingine.

Sisemi chotara ni mbaya kwa kuwa ni chotara. Afrika Kusini, ambayo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa zao hili, imepanda sana Beaumont, na Beaumont ni chotara mwenye maua ya pinki. Lakini mkulima wa kule anajua alichopanda. Anajua Beaumont haiangushi karanga zake kwa urahisi, kwa hiyo anapanga uvunaji wake tangu mwanzo. Akinunua ya Hawaii namba 344 au 741, anajua amenunua nini. Mimi nimekaa miaka yote hiyo nikihudumia miti nisiyoijua hata jina.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma kuliko hela. Sisi wa mlimani tunalima kwenye vihamba. Kihamba ni ekari moja, mbili ukibahatika, umeachiwa na baba, na baba aliachiwa na babu. Hakiongezeki. Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, aling'oa kahawa iliyokuwa bado inazaa ili apande miche hii, kwa sababu aliambiwa mwaka wa nne atakuwa anapeleka karanga sokoni. Mti wa kubebesha kweli huanza kuzaa mwaka wa tatu hadi wa tano. Wa mbegu unaweza kukuweka miaka saba, kumi, na ukizaa hujui utazaa nini. Mzee alisubiri mpaka mwaka wa nane, na alichopata hakijazi debe. Kivuli cha makadamia ni kizito, migomba iliyo chini imedhoofika. Nani atamrudishia mzee kahawa yake? Nani atamrudishia miaka?

Nimejaribu kuelewa inavyotokea. Mingine ni wizi wa wazi, mbegu imeoteshwa na kukatwa kidogo kwenye shina ili ionekane kama ina kovu la kubebeshwa. Mingine ilibebeshwa kweli, ila lile tawi la mti mama lilikufa kitaluni, maotea ya shina la chini yakapanda, na mwenye kitalu akaacha yakue kwa sababu mche uliokufa hauuziki. Shina la chini mara nyingi ni tetraphylla au mbegu yoyote yenye nguvu, na ndiyo maana tunapata hii miti ya pinki inayokua kwa kasi kuliko mingine. Tulisifiwa kasi hiyo! "Ona inavyokimbia!" Inakimbia kwa sababu ni shina la chini limeachiwa.

Na ushauri waliotupa ni balaa juu ya balaa. Walituambia tupande aina moja tu shamba zima "ili ubora ufanane", wakati makadamia inashika karanga zaidi ikichavushana na aina nyingine, kwa hiyo unahitaji angalau mbili. Walituambia tujaze DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, shimoni. Makadamia ina vijizizi vya pekee vya kunyonya fosforasi kwenye udongo maskini, ukiirundikia fosforasi unaiumiza. Majani yaligeuka njano, tukarudi kwao, wakatuuzia dawa ya majani.

Wanunuzi nao wasijifiche. Wanakuja na mizani tu. Hawapasui karanga hata kumi kuangalia kiini, bei ya kilo ni moja kwa aliyepanda aina halisi na kwa aliyejaza mawe. Tena wanakuja mapema, karanga bado changa mtini, wanakushawishi utikise matawi. Makadamia iliyokomaa huanguka yenyewe, unaiokota chini. Ukitikisa unauza maji, na kesho wanasema makadamia ya Tanzania haina mafuta. Mkinunua kwa kupasua sampuli na kulipa kwa uzito wa kiini, miche feki itakosa soko ndani ya misimu michache, kwa sababu kila mkulima atauliza aina kabla ya kutoa hela. Kwa nini hamfanyi hivyo?

Sheria ya mbegu tunayo tangu mwaka 2003. Nataka kuona muuzaji wa miche analazimika kuonyesha mti mama uko wapi, nani alibebesha na lini, na anabaki na kumbukumbu za waliomnunulia mpaka miti izae. Mazao ya miti yana tofauti na mahindi. Mbegu mbovu ya mahindi unaijua msimu huohuo. Hapa mwizi ana miaka minane ya kupotea.

Kama ulinunua miche ya lebo hizi Kilimanjaro, Lushoto, Njombe au Rungwe, naomba uandike hapa chini: mwaka uliopanda, majani mangapi kwenye kifundo, rangi ya maua, ganda laini au la vipele, na ukitumbukiza viini ishirini kwenye maji vinaelea vingapi. Wekeni na picha. Tukiwa wengi tutapeleka malalamiko kwa pamoja, siyo mmoja mmoja wa kufukuzwa mlangoni.

Na wewe uliyetuuzia, najua unapita humu. Jibu swali moja tu: mti mama uko shamba la nani?