Mrejesho: pedali ya breki iliyokuwa inazama

Wakubwa, niliuliza kwa nini pedali ya breki inazama nikiteremka kutoka Kadutu, hapa Bukavu, mpaka niipige-pige ndipo gari lishike. Wengi mlisema pedi za breki zimeisha. Pedi ni nzima kabisa. Fundi aliingia chini akanionyesha bomba la chuma la gurudumu la nyuma: kutu imelila pale linapobanwa na kishikizo, mafuta ya breki yanatoka kama jasho na yamebabua rangi. Nikikanyaga, presha inaishia hapo. Alitaka kulichomelea, nikakataa. Bomba la breki halina kiraka! Tumeweka jipya, tukajaza mafuta ya breki ya DOT 4, tukatoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja moja. Sasa pedali inashika juu. Aliyesema niangalie kwanza kopo la mafuta ya breki, aksanti sana: yalikuwa chini ya alama.