Jicho lilififia rangi nyekundu, sasa miguu ina ganzi: hii ndiyo MS?

Fundi wa Makorora
Habarini ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Ramadhani iliyopita, tukiwa tumezidiwa na nguo za sikukuu, jicho la kulia lilianza kuuma kila nikilizungusha, mfano nikitupa jicho pembeni kutafuta mkasi. Kisha likaingia ukungu. Nilishtuka nilipokuwa nachagua uzi: nikifumba la kulia, uzi mwekundu kabisa, nikifumba la kushoto, uzi ule ule kama umepigwa jiki. Nikaambiwa macho yamechoka, nikapewa dawa ya matone. Baada ya wiki kadhaa likapona lenyewe.

Sasa yamekuja mengine. Ganzi kuanzia vidoleni hadi kiunoni. Nikiinamia mashine tu, shoti inashuka mgongoni mpaka miguuni. Nikishika pasi ya mkaa mchana ukungu wa jicho unarudi, nikikaa kwenye feni unaondoka. Mkojo nao ukibana haungoji. Daktari mmoja alitaja maltipo sklerosisi, yaani MS, halafu akasema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Mama mkwe ana majibu yake, hayo niachieni mimi. Naomba kujua: jicho lililokwisha kupona linahusiana vipi na miguu? Na kwetu upo?

Mpiga Mbizi
Dada, huo ni upungufu wa vitamini B12. Shemeji yangu alikuwa na ganzi hivyo hivyo, akachomwa sindano, leo anacheza mpira. Usijitie hofu bure.

Mama Salha
Pole sana mdogo wangu. Naishi na MS, niko Temeke, na joto la Temeke mnalijua.

Nianze na jicho. Mshipa wa fahamu wa jicho ni sehemu ya ubongo wenyewe. Kwenye MS kinga ya mwili inashambulia mayelini, ule utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za fahamu za ubongo na uti wa mgongo. Ikishambulia nyuma ya jicho, unaona ukungu na nyekundu inafifia. Ikishambulia uti wa mgongo shingoni, unapata ganzi, na hiyo shoti ya kuinama madaktari wanaiita dalili ya Lhermitte. Daktari anatafuta mabaka, yaani alama za utando ulioharibika, ya sehemu zaidi ya moja, yaliyotokea nyakati tofauti. Kwa hiyo jicho lililopona ndilo ushahidi wako mkubwa. Ukimtajia miguu peke yake umemnyima nusu ya habari. Na mkojo mtajie, usione haya. Mimi nilikuwa najua kila choo kuanzia Tandika hadi Kariakoo.

Hiyo ya pasi nayo ina jina, Uhthoff, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1890. Utando ukishaharibika, mwili ukipanda joto kidogo tu, ujumbe haupiti sawasawa, ukipoa, unapita. Si kwamba pasi inakuharibu upya. Shambulio jipya ni lile linalodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala joto la kulisingizia. Mimi kanga mbichi haikosi shingoni.

Ugonjwa wa Wazungu? Kweli kwao ni mwingi, huku karibu na ikweta ni mchache. Mchache, ndugu yangu, siyo haupo. Na sisi wanawake unatupata mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, wengi kati ya miaka 20 na 40. Mashine zenyewe za MRI, za kupiga picha ya ubongo na uti wa mgongo, ni za kuhesabu, nani atajua tuko wangapi?

Tabibu Mstaafu
Mpiga Mbizi hajakosea kabisa: upungufu wa B12 unaleta ganzi na hata shoti ya shingo. Upimwe, pamoja na VVU, kaswende na TB ya mgongo. Ila B12 bado haielezi jicho lililouma likizungushwa.

Kuna kimoja husahaulika. Upo ugonjwa unaofanana sana na huu, neuromaielitisi optika, unaoshika jicho na uti wa mgongo, na sisi watu weusi unatupata zaidi kuliko Wazungu. Omba kipimo cha damu cha kingamwili za akwaporini 4, protini ambayo ugonjwa huo huishambulia, kabla ya kuanzishiwa dawa za muda mrefu, kwa sababu interferoni beta, dawa ya miaka mingi ya MS, inaweza kuuzidisha huo mwingine. Rituksimabu, dawa ya kupunguza seli za kinga, hutumika kwa magonjwa yote mawili. Mwaka 2023 WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS.

Mkojo ukigoma kutoka au miguu ikikosa nguvu, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa shambulio kali huwa tunatoa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kwa dripu siku 3 hadi 5.

Fundi wa Makorora
Shikamoo dada, shikamoo tabibu. Nimeyaandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja. MRI nimeandikiwa ya kichwa tu. Inatosha?

Tabibu Mstaafu
Marahaba. Haitoshi. Mwambie aongeze shingo na mgongo, na umweleze hiyo shoti kabla hujaingia kwenye mashine.

Mama Salha
Marahaba mdogo wangu. Na uulize bima inalipia ipi kabla hujapanda basi.