Kereng'ende mwembamba wa Mafia: ni spishi mpya au?

Mdau wa Kigamboni:
Wakuu, nina picha za kereng'ende mwembamba, wale wanaofumba mabawa mgongoni wakitua, kutoka dimbwi lenye kivuli kisiwani Mafia. Mweusi, mistari ya buluu kifuani, ncha ya tumbo nyeupe. Vitabuni simwoni. Nikirudi nikusanye wangapi, na kwa namna gani?

Pingili10:
Mkuu, rangi iweke kando kwanza. Aliyetoka kwenye ganda jana huwa amepauka, na wengine wakikomaa huota unga wa kijivu unaofunika mistari yote. "Spishi mpya" nyingi za mitandaoni huishia hapo.

Tazama vibanio vinne nchani mwa tumbo la dume, viwili juu na viwili chini. Ndivyo anavyomshikia jike mbele ya kifua, na umbo lake hutofautiana spishi hadi spishi. Vipige picha chini ya darubini: kwa juu, ubavuni na kwa nyuma. Kisha kiungo cha uzazi chini ya pingili ya pili na ya tatu ya tumbo. Kwa jike, kagua bamba la nyuma ya kichwa.

Asetoni Tupu:
Madume watano hivi, majike wawili watatu. Ukiwapata wameshikana, bahasha moja: hapo hubahatishi jike ni wa nani.

Waache hai kwenye bahasha za karatasi hadi jioni, utumbo ujisafishe. Ng'oa mguu mmoja wa kati, utie kwenye ethanoli ya 96% kwa ajili ya DNA. Mzamishe kwenye asetoni. Akishakufa mtoe, nyoosha tumbo, panga mabawa, mrudishe kwenye asetoni na bahasha yake alale humo usiku mzima. Asubuhi mwanike penye upepo. Ukiruka hatua hii, kwa unyevu wa pwani yetu anaoza kwa ndani na buluu yote inageuka nyeusi.

Kiondoa rangi ya kucha si asetoni tupu, kina mafuta na manukato. Vikombe vya plastiki vya kutupa huyeyuka. Tumia chupa ya kioo. Na usithubutu kupanda nayo ndege, inawaka kama petroli.

Lebo kwa penseli: viwianishi vya GPS, tarehe, mkusanyaji, aina ya maji. "Mafia" peke yake haitoshi.

Kibali Kwanza:
Kabla ya wavu, kibali. Mafia iko chini ya Tanzania Bara, anzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Ingekuwa Pemba, Zanzibar wana utaratibu wao. Kupeleka vielelezo nje ni kibali kingine.

Usilinganishe na spishi za Bara tu. Kereng'ende mwembamba wa Pemba, Proplatycnemis pembipes, alielezwa 2007 kwa jina la Platycnemis pembipes, na ndugu zake wa karibu wako Madagaska na Komoro, ng'ambo ya bahari!

Akithibitika, andiko liseme wazi kuwa jina ni jipya, lieleze kinachomtofautisha, litaje holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina) na makumbusho kitakapohifadhiwa. Jarida likiwa la mtandaoni tu, andiko lisajiliwe ZooBank (sajili rasmi ya majina ya wanyama) kabla ya kutoka, na usajili huo uonekane ndani ya andiko. Jina usilimwage humu jukwaani, halitatambulika.

Mdau wa Kigamboni:
Nikipata dume mmoja tu?

Pingili10:
Anafaa kuwa holotaipu, ila hutajua kama umbo lake ni la spishi au ni kilema chake. Mguu ng'oa wa kushoto, wa kulia ubaki kwa kuchorwa. Vibanio usiviguse kwa koleo kabisa. Vikivunjika, umebaki na picha zako zile zile.