Mwimbaji wa roki akikwepa noti za juu jukwaani, ametupunja?

Wadau, kuna kauli inarudi kila roki inapotajwa: mwimbaji asiyefika jukwaani pale alipofika kwenye santuri ni sawa na muuzaji anayechezea mizani. Tumelipa kiingilio, basi aimbe kama tulivyomzoea. Naipinga kauli hii kwa nguvu zote.

Studio mtu anaimba mstari mmoja, anakunywa maji, anaurudia mpaka ukae sawa. Jukwaani anaimba saa mbili mfululizo huku anakimbia, magitaa ya umeme yanamfunika hata hajisikii vizuri, na keshokutwa anatakiwa mji mwingine. Koo ni lile lile moja.

Tumchukue Freddie Mercury, mwimbaji mkuu wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti na hakutaka kupasuliwa. Katika maonyesho mara nyingi aliushusha wimbo pale santuri inapopanda, na noti za juu kabisa akamwachia mpiga ngoma, Roger Taylor. Sasa niambieni, pale uwanja wa Wembley, London, kwenye Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, tarehe 13 Julai 1985, nani alitoka akisema amepunjwa? Sikilizeni kile kipande alichosimama na maikrofoni bila ala yoyote. Anatupa sauti moja, umati unamrudishia. Anaivuta, anaikunja, wanamrudishia tena. Hilo hulipati studio hata ukae mwaka mzima.

Na wale wanaosema mikwaruzo ya sauti kwenye roki ni kelele za kuua koo, nao wanakosea. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi wa sauti ya Mercury. Walimpata mwimbaji wa roki anayeweza kumuiga, wakampiga picha za koo kwa kamera ya zaidi ya picha 4,000 kwa sekunde. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo miwili ambayo tukiongea kawaida hutulia tu. Kwa huyu ilikuwa ikitikisika pamoja na nyuzi zenyewe, ndipo ule mkwaruzo ukazaliwa. Mtetemo wa sauti ya Mercury, yaani ile sauti kupanda na kushuka kidogo anapoivuta noti, nao waliukuta ni kama mara 7 kwa sekunde, kasi kuliko kawaida ya waimbaji. Huo ni ufundi! Anayeumia ni yule anayekaba koo na kulazimisha pumzi, halafu asubuhi haongei.

Ninachokikataa mimi ni pleibeki ya kujificha: mdomo unacheza, jasho linatoka, kumbe sauti kuu inatoka kwenye mashine. Kanda yenyewe, yaani sauti iliyorekodiwa, haina kosa. Queen walipofika kile kipande cha opera katika wimbo wao Bohemian Rhapsody, walikuwa wanatoka jukwaani kabisa na kanda ikaendelea. Kila mtu aliona jukwaa ni tupu, hakuna aliyedanganywa.

Kinachonikwamisha ni sauti za kuitikia. Siku hizi kuna bendi ambazo mwimbaji mkuu anaimba mwenyewe, lakini wale "waitikiaji" watano tunaowasikia wamo kwenye kompyuta, na jukwaani kuna watu watatu tu. Hapo nasita, kwa sababu yule wa mbele anafanya kazi halali kabisa. Wenye kuimba humu, ninyi mnauchora mstari wapi?