Umeme ukirudi seva ya nyumbani haiwaki, na UPS haimalizi katizo la tatu

kabati_la_data: Wakuu, nina kompyuta ya zamani inayoendesha OpenMediaVault (mfumo wa seva ya kuhifadhi faili), diski mbili za RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake), na kompyuta ndogo ya Linux yenye diski ya nje ya nakala. Zote mbili ziko kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ya 650VA yenye betri moja ya 12V 7Ah. USB ya UPS imeingia kwenye seva, NUT (programu ya kufuatilia UPS) inaisoma vizuri. Matatizo ni matatu. Mara nyingine umeme ukirudi seva inabaki imezimika hadi nibonyeze kitufe. Ile ndogo inazimika ghafla bila kufunga faili. Na umeme ukikatika mara tatu kwa siku, katizo la tatu UPS haifiki hata dakika tano. Nipo Dar.

swichi_kuu: La kwanza anza na BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Umeme ukirudi, iambie iwake, usiiachie "Last State": hali ya mwisho ilikuwa imezimwa, basi itabaki imezimwa.

Lakini hiyo peke yake haitoshi. Ikiwa umeme umerudi wakati seva tayari inajizima, UPS haikuwahi kukata umeme upande wa vifaa, hivyo BIOS haioni kwamba kuna kitu kilipotea. Dawa ni UPS yenyewe ikate kisha irudishe. Kwenye mafaili ya mipangilio ya NUT, hakikisha upsmon.conf ina mstari wa POWERDOWNFLAG (alama ya kuiambia seva iamuru UPS ikate mwishoni mwa kujizima), halafu kwenye ups.conf weka sekunde za kusubiri kabla ya kukata (offdelay) na kabla ya kurudisha (ondelay):

offdelay = 60
ondelay = 120

ondelay lazima iwe kubwa kuliko offdelay. Sekunde 60 zitoshe diski kufungwa. Kama seva yako ni nzito ongeza zote mbili. Kuna UPS za bei rahisi zinazopuuza amri hii, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuitegemea. Ukijaribu, zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi, maana unapoteza na ethi.

mtandao_wa_pili: Hiyo ndogo haina habari kwamba umeme umekatika, ndiyo maana. Kwenye seva, nut.conf iwe MODE=netserver na upsd.conf iwe na LISTEN kwa anwani ya seva, mlango 3493. Kwenye ndogo weka MODE=netclient, na upsmon.conf:

MONITOR ups@192.168.1.10 1 jina nenosiri secondary

Jina na nenosiri ni vile ulivyoviandika kwenye upsd.users ya seva. NUT ya kabla ya 2.8 inataka neno slave badala ya secondary. Hakiki kwa amri ya upsc ups@192.168.1.10, ukiweka anwani ya seva yako. Jambo linalosahaulika: ruta au swichi inayounganisha hizo mbili nayo iwe kwenye tundu la betri la UPS. Matundu ya kinga tu, yasiyo na betri, yanazimika papo hapo na ujumbe hauendi popote.

betri_baridi: La tatu ni hesabu. 12V mara 7Ah ni Wh 84, na ukitoa hasara za UPS na betri, usitegemee zaidi ya nusu. Kuijaza tena kunachukua saa kadhaa, kwa hiyo katizo la tatu linaikuta haijajaa. Usisubiri alama ya betri kwisha. Tumia upssched, kipima muda cha NUT: START-TIMER ya sekunde 300 kwa ONBATT (umeme umekatika), CANCEL-TIMER kwa ONLINE (umerudi), na skripti iite upsmon -c fsd, amri ya kuzima zote. Kwenye upsmon.conf, NOTIFYCMD ielekeze upssched na ONBATT na ONLINE ziwe na EXEC, la sivyo kipima muda hakianzi kabisa. Betri za risasi haziishi muda mrefu zikinyonywa hadi mwisho kila mara. Joto nalo: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake takribani nusu. Usiiweke juu ya seva.

kabati_la_data: Asanteni. Nikihamia inveta ya sola isiyo na USB?

swichi_kuu: Iweke kwenye hali ya "UPS", si ya vifaa vya kawaida, ili ihamie haraka. Kwa taarifa, chomeka kifaa cha bei ndogo chenye Wi-Fi kwenye soketi ya umeme wa TANESCO moja kwa moja, na skripti iwe inakipigia ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kipo hewani). Kisipojibu kwa dakika tano huku ruta inajibu, seva ijizime.