Mnaolala kwa kusikiliza minong'ono (ASMR), njooni tupeane uzoefu

Wakuu habari za saa hizi. Naleta huu uzi kwa sababu najua humu tupo wengi, saa 8 usiku mtu bado umekodoa macho unaangalia dari, na pengine kuna mmoja itamsaidia kama ilivyonisaidia mimi.

Tatizo langu lilikuwa kichwa hakizimi. Mwili umechoka hoi ila nikizima taa tu ndo mawazo yanaanza kupanga foleni, nilichojibu vibaya jana, nilichosahau leo, cha kesho, nikichungulia saa naona yamebaki masaa manne nazidi kupaniki na usingizi ndo unapaa kabisa. Nimeishi hivyo kama mwaka na nusu. Siku moja nahangaika na simu nikaangukia video ya dada mmoja anakunja taulo, hana lingine, anakunja taulo taratibu huku ananong'ona karibu kabisa na maiki, "hii tunaikunja hivi, halafu tunailainisha, hivi". Nikajiuliza huyu vipi. Kabla sijaitoa nikasikia kama mtekenyo flani unaanzia utosini, unateremka kisogoni mpaka mabegani, mwili wote ukalegea kama mtu anayechezewa nywele na mama yake. Taulo la nne sikuliona.

Baadaye ndo nikajua kitu kina jina, ASMR. Hilo jina lilianza 2010, alilitunga Jennifer Allen wa Marekani, maana watu walikuwa wanasimuliana mtandaoni huo msisimko na hakuna aliyejua auiteje, wengine walidhani ni wao peke yao duniani. Mimi kilichonipa amani ni kuona hata wataalamu wameliangalia. Watafiti wa chuo kikuu cha Swansea 2015 walichapisha majibu ya watu 475 wanaoupata huo mtekenyo, 82% wakasema wanautumia kulalia. Halafu 2018 wale wa chuo kikuu cha Sheffield wakapima mapigo ya moyo kabisa, wenye mtekenyo yalishuka kama matatu kwa dakika wakati wanaangalia. Ni madogo, lakini mtu uliyelala kifua kinakudunda mpaka unakisikia kwenye mto, hayo matatu unayaona.

Ninavyofanya: naweka sauti tupu, kioo cha simu nakizima au nakigeuza kifudifudi, voliumu chini mpaka inabidi nitege sikio, na taima ya dakika 45. Na naipakua kabisa kabla, kwasababu hakuna kitu kibaya kama tangazo linalopiga kelele katikati ya mnong'ono, moyo unaruka unaanza upya na safari. Haya nyie mnatumiaje?

Mdau 1:
Mleta mada umenigusa. Mimi tangu mdogo huo mtekenyo ninao ila nilikuwa naogopa kusema wasije wakaniona sina akili. Darasani mwalimu akija kuinama kwenye daftari langu ananielekeza kwa sauti ya chini huku kalamu inakwaruza karatasi, basi mimi nimekwisha, naitikia tu ndio ndio sijui hata anafundisha nini, natamani asiondoke. Kumbe watu wengi ilianza hivyo hivyo utotoni. Sasa hivi kwangu ni kufunua kurasa na kuandika kwa penseli, minong'ono ya moja kwa moja kama ya mtu anaongea na mimi naona aibu.

Mdau 2:
Samahanini wapendwa mimi nipo upande wa pili. Mnong'ono ule wenye mate mate nikiusikia napata hasira ya kweli, taya linakaza, nataka kutupa simu. Na za kula ndo usiseme kabisa, mtu anatafuna kwenye maiki nawezaje kulala? Mwenzangu analala fofofo na mimi ndo nabaki macho. Nilikuwa najiona mkorofi mpaka niliposoma kuna hali inaitwa misofonia, sauti kama za kutafuna zinamchoma mtu. Kuna sauti nyingine naweza kujaribu au niache tu?

Mleta mada:
Usiache dada, wala wewe sio mkorofi. Jaribu zisizo na mdomo kabisa, ya brashi laini inayopita kwenye maiki, au ya kugongagonga ubao kwa ncha za vidole. Na mwambie mwenzio atumie spika za masikioni, hakuna haja ya wote wawili kusikia.

Mdau 3:
Kwenye za masikioni naomba niongeze, zile za kuingiza ndani ya tundu nililala nazo miezi miwili nikaamka sikio limevimba kwa ndani, nalalia ubavu zinasukumwa. Nikahamia ule utepe wa kichwani wenye spika bapa ndani ya kitambaa, shida ikaisha. Pia jamani msisikilize ileile kila siku, mimi niling'ang'ania moja wiki tatu mfululizo mtekenyo ukakata kabisa, ikabaki kama redio tu. Nikapumzika wiki nzima ukarudi.

Mdau 4:
Mimi mtekenyo siupati na sijawahi kuupata, lakini nalalia hizo hizo sauti. Mume wangu alifariki mwaka juzi na nyumba ilikuwa kimya ile ya kukuziba masikio, kimya cha upande wa kitanda usio na mtu. Nilikuwa nalala taa zinawaka na TV inaongea, nikiamka shingo inauma na nimechoka kuliko nilivyolala. Binti yangu ndo akanionyesha video ya mama mmoja anajifanya anakupima macho, anakuuliza taratibu, "unaiona hii? na hii je?" Sijui kwanini ila kuna mtu ananihangaikia, anauliza hali yangu bila haraka. Usiku wa kwanza nililia. Usiku wa pili nikalala. Sijazoea kuyasema haya ila nimeona mada imekaa vizuri.

Mdau 1:
Pole sana mama, Mungu amrehemu. Asante kwa kutuamini.

Mleta mada:
Pole mama yangu. Umenieleza kitu nilichokuwa nakisikia siku zote sikijui jina, kwamba kuna mtu hana haraka na wewe.

Mdau 5:
Naunga mkono hoja ila niwaombe, kama unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki na imepita miezi mitatu, nenda hospitali. Mimi nilijitibu kwa minong'ono karibu mwaka kumbe nakoroma na pumzi inakata usiku, hakuna brashi ingeniponya. Sasa nimetibiwa, na sauti bado nazisikiliza kwa raha zangu.

Mdau 2:
Nimerudi kuleta mrejesho. Ile ya brashi nimeijaribu jana, hasira haikuja. Mtekenyo nao sijausikia, ila nilikuwa nasubiri ibadilike upande wa kushoto kwenda kulia na kurudi, nikawa naifuata tu, kushoto, kulia, nikashtukia alamu inalia. Ile ya ubao naijaribu leo.