Naomba ushauri: kwaya yetu ndogo inashuka ufunguo tukiimba bila kinanda

Wanakwaya wenzangu, salamu. Sisi ni watu 13, wote wa kujitolea, tunakutana mara moja kwa wiki baada ya kazi. Soprano 5, alto 4, besi 3 na teno mmoja tu. Siku akipata mafua, sauti ya tatu hatuna.

Lakini kinachoninyima usingizi ni ufunguo, yaani kimo cha sauti tulichoanzia wimbo. Bila kinanda tunaanza vizuri, tukifika ubeti wa tatu tumeshashuka karibu nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda). Onyesho lililopita mpiga kinanda alitupokea kwenye kiitikio cha mwisho, ikawa kama nyimbo mbili tofauti. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu anasema "mi" na "ti" zetu (noti ya tatu na ya saba za do-re-mi) ziko chini, na tunavuta pumzi wote kwa pamoja badala ya kupokezana. Tulijaribu kuanza nusu toni juu, soprano wakanuna.

Wengine wanataka tusimame tumechanganyika, si kila sauti upande wake. Waliojaribu, ilisaidia kweli? Na huyu teno, nimwongezee besi mwenye sauti nyepesi au alto wa chini? Zimebaki wiki 6.